Kuunganisha hifadhidata kadhaa zenye skima zinazolingana: je, kulingana kwa muundo kunatosha?

Mpanga Safu (mwanzisha uzi)

Wakuu, naomba tulijadili kwa kina jambo ambalo kwenye karatasi linaonekana jepesi. Kuna taasisi yenye vituo kadhaa, na kila kituo kina seva yake inayoendesha programu ileile ya mauzo. Kwa kuwa programu ni moja, hifadhidata zote zina majedwali yenye majina yaleyale: wateja, bidhaa, mauzo na malipo. Safuwima zinafanana, na aina za data zinafanana pia, isipokuwa tofauti ndogondogo zilizotokana na vituo kusasisha programu kwa nyakati mbalimbali. Uongozi unataka hifadhidata moja ya taarifa, ili swali kama "mteja huyu amenunua nini katika vituo vyote" lipate jibu bila mtu kufungua seva moja baada ya nyingine na kujumlisha kwa kikokotoo.

Wapo wanaosema kwamba maadamu skima (yaani mpangilio wa majedwali na safuwima) zinalingana, kilichobaki ni kuandika UNION ALL, amri ya SQL (lugha ya kuulizia hifadhidata) inayoweka safumlalo za jedwali moja chini ya za jingine, na kazi imekwisha. Mimi nina mashaka, hasa kuhusu vitambulisho, kwa sababu kila kituo kina mteja namba 1 na hao si mtu mmoja. Vilevile sijaamua kama data zinakiliwe mahali pamoja au zisomwe hukohuko ziliko kila zinapohitajika. Vituo vingi vinatumia PostgreSQL, kimoja kinatumia MySQL, na kingine kidogo kina faili la SQLite tu; yote matatu ni mifumo ya hifadhidata. Karibuni.

Funguo Mbili

Ndugu Mpanga Safu, mashaka yako yana msingi. Tuanze na maana ya "kulingana", maana neno hilo linabeba mambo mengi kuliko linavyoonekana. Tangu Edgar Codd alipochapisha modeli yake ya uhusiano mwaka 1970 akiwa IBM, sharti la kuunganisha majedwali mawili kwa muungano limekuwa kwamba yawe na idadi sawa ya safuwima, na kila safuwima ichukue thamani za aina moja na mwenzake wa upande wa pili. SQL ililirithi sharti hilo kwa namna inayowanasa wengi: UNION ya kawaida hulinganisha safuwima kwa nafasi, wala haiangalii majina. Ikiwa jedwali la wateja katika kituo kimoja linaanza na jina kisha simu kisha anwani, na katika kituo kingine safuwima ya simu iliongezwa baadaye ikakaa mwishoni, basi SELECT * (amri ya kuchukua safuwima zote) kutoka pande zote mbili itaweka anwani chini ya simu. Kwa kuwa zote ni maandishi, hifadhidata haitalalamika hata kidogo. Kiwango cha SQL kina neno CORRESPONDING kwa ajili ya kulinganisha kwa majina, lakini mifumo mingi mikubwa haikulitekeleza. DuckDB, mfumo mwingine wa hifadhidata, ina UNION BY NAME inayofanya kazi hiyo vizuri. Kwingineko, taja kila safuwima kwa jina na kwa mpangilio uleule katika kila SELECT, hata kama jedwali lina safuwima sitini na mkono unauma.

Aina za data nazo zina tabia zake kulingana na mfumo. PostgreSQL ikikuta namba upande mmoja na maandishi upande wa pili, itakataa na kukupa kosa, na hilo ni jema. MySQL itabadilisha kimyakimya na kukupa maandishi. SQLite haijali sana, kwa kuwa huko aina inaambatana na thamani yenyewe kuliko safuwima, na unaweza kukuta neno katika safuwima iliyotangazwa kuwa ya namba kamili. Kwa hiyo kituo chako kidogo ndicho ninachokihofia zaidi.

Kisha kuna tofauti ya UNION na UNION ALL. UNION huondoa safumlalo zinazofanana kabisa, na katika kufananisha huko huhesabu NULL (alama ya thamani isiyojazwa) mbili kuwa kitu kimoja. Wengi huitumia wakidhani inasafisha data. Fikiria jedwali la mauzo ambalo umeacha kitambulisho na saa, ukachukua tarehe, bidhaa na kiasi tu: wateja wawili waliochukua bidhaa ileile kwa kiasi kilekile siku moja watageuka muamala mmoja, na mapato yatapungua bila ujumbe wowote wa kosa. Tumia UNION ALL daima, na ongeza safuwima inayotaja chanzo cha kila safumlalo. Safuwima hiyo ya chanzo si pambo. Siku ambayo hesabu zitakataa kukubaliana, hiyo ndiyo itakayokuambia ukatafute kwenye seva ipi.

Sasa funguo. Namba zinazojiongeza zenyewe zina maana ndani ya hifadhidata iliyozizaa tu. Mara tu unapozitoa nje, ufunguo msingi wa kweli, yaani kinachotambulisha kila rekodi, unakuwa jozi: chanzo pamoja na namba. Ugumu hauko kwenye jedwali la wateja lenyewe, uko kwenye funguo za kigeni, yaani safuwima zinazorejea rekodi za jedwali jingine. Jedwali la mauzo linasema mteja_id ni 57, na ukiunganisha kwa namba hiyo peke yake, kila muamala wa mteja 57 utajinasibisha na mteja namba 57 wa kila kituo. Kama vituo ni vitano na kila kimoja kina mteja 57, muamala mmoja utatokea mara tano. Kwa hiyo kila JOIN (amri ya kuunganisha majedwali) katika hifadhidata ya pamoja ibebe masharti mawili, chanzo na namba.

Wapo wanaopendelea kutengeneza kitambulisho kipya kwa kila rekodi na kuweka jedwali la ramani linaloonyesha namba ya zamani na chanzo chake. Njia hiyo inafaa, ila ramani hiyo lazima ihifadhiwe milele. Ukiifuta na kuizalisha upya katika kila upakiaji, mteja yuleyule atapata kitambulisho kipya na taarifa za mwezi uliopita hazitalingana na za mwezi huu. UUID, ambazo ni vitambulisho vya biti 128, zinasaidia kwa rekodi zitakazozaliwa kuanzia leo, na toleo la 7 lililoidhinishwa katika waraka wa viwango vya intaneti RFC 9562 mwaka 2024 lina nafuu ya ziada kwa kuwa linaanza na wakati, hivyo haliivurugi faharasa. Hata hivyo halitibu rekodi za zamani. Kwa hali yako ningechagua ufunguo wa jozi, kwa sababu yeyote anayeusoma anaelewa rekodi imetoka wapi.

Nukta Mkato

Mchango wa Funguo Mbili umeeleza muundo, nami naongezea maana, kwa sababu hapo ndipo kulingana kwa skima kunapodanganya zaidi. Safuwima mbili zinaweza kuwa na jina moja, aina moja na nafasi moja, kisha zikabeba vitu viwili tofauti.

Mfano unaojulikana duniani ni chombo cha NASA kilichoitwa Mars Climate Orbiter, kilichopotea tarehe 23 Septemba 1999 kilipofika Mars. Programu moja ya duniani ilitoa takwimu za msukumo kwa pauni-nguvu sekunde, na programu iliyozipokea ilizichukulia kuwa niutoni sekunde. Faili lilisomeka vizuri na namba zilikuwa namba halali, ila zilipishana na ukweli kwa karibu mara 4.45. Hakuna ukaguzi wa aina za data ambao ungeligundua kosa hilo.

Katika vituo vyako, ndugu, ulizia safuwima ya bei: ina kodi ndani yake au haina? Ulizia kiasi: ni vipande au ni katoni? Ulizia hali ya muamala: ikiwa 1 katika kituo kimoja ni "imelipwa", je, kituo kingine hakikubadilisha orodha hiyo kwa matumizi yake? Misimbo mifupi ina desturi ya kuhama maana. Hata jinsia, ambayo mtu angedhani haina utata, ina kiwango chake cha kimataifa, ISO/IEC 5218, chenye 0 kwa isiyojulikana, 1 kwa mwanamume, 2 kwa mwanamke na 9 kwa isiyohusika. Lakini programu nyingi zimejitungia 0 na 1, na ukizichanganya na zinazofuata kiwango utapata wanaume ambao si wanaume.

Wakati nao una mitego yake. Safuwima ya tarehe na saa isiyotaja kanda ya saa huwa na maana ya saa za seva ile, na seva mbili zinaweza kuwa zimewekewa kanda tofauti hata zikiwa chumba kimoja. Muamala wa saa sita kasoro dakika chache usiku utahamia siku nyingine, na jumla za kila siku hazitakubaliana kamwe na vitabu. Geuza kila kitu kuwa UTC (saa ya marejeo ya kimataifa) wakati wa kupakia, ukihifadhi pia thamani ya asili kama ilivyokuja.

Kuhusu thamani tupu, baadhi ya programu huandika NULL na nyingine huandika maandishi yenye herufi sifuri. Mfumo wa hifadhidata wa Oracle huzihesabu mbili hizo kuwa kitu kimoja, mifumo mingine haifanyi hivyo. Na kwenye MySQL angalia seti ya herufi: ile inayoitwa utf8 huko huishia baiti 3 kwa herufi, kwa hiyo maandishi yenye alama za baiti 4 hayaingii salama mpaka utumie utf8mb4.

Jambo la mwisho kwa leo: msikubali data zipitie Excel njiani. Tarehe za Excel huhesabiwa kwa mfumo unaoanzia mwaka 1900 au unaoanzia 1904, na tofauti kati ya mifumo hiyo ni siku 1,462. Programu hiyo imekuwa ikigeuza maandishi kuwa tarehe kwa kiasi ambacho mwaka 2020 kamati inayosimamia majina ya jeni za binadamu ililazimika kutoa miongozo iliyobadilisha baadhi ya majina, ambapo MARCH1 ikawa MARCHF1 na SEPT1 ikawa SEPTIN1. Kama wanasayansi wa jeni wameamua kuhama badala ya kushindana nayo, sisi na namba za simu zinazoanza na sifuri hatuna ubavu.

Kauli Fupi

Wakuu, mnalikuza jambo. Toeni CSV (faili la maandishi lenye thamani zilizotenganishwa kwa koma) kila kituo, pakieni kwenye jedwali moja, maisha yaendelee. Taarifa ya uongozi haihitaji UTC.

Nukta Mkato

Ndugu Kauli Fupi, CSV haina ubaya kama chombo cha kusafirishia. Lakini CSV haisemi aina ya data, haitofautishi NULL na maandishi matupu isipokuwa mmekubaliana alama, na haibebi funguo za kigeni. Kwa hiyo makubaliano yote niliyoyataja bado yatahitajika, tofauti ni kwamba sasa hakuna mfumo utakaowasaidia kuyasimamia. Ukitaka njia ya CSV, pakia kwanza kwenye majedwali ya mapokezi ambayo safuwima zote ni maandishi, kisha geuza aina kwa amri zilizoandikwa na kuhifadhiwa, ili safumlalo inayokataa kugeuka itengwe na kuchunguzwa badala ya kuangusha upakiaji mzima.

Mpanga Safu

Nashukuru kwa michango. Nina maswali mawili yanayofuata. La kwanza, wapo wateja wanaonunua katika vituo zaidi ya kimoja, na kila kituo kimewaandikisha upya, wakati mwingine kwa tahajia tofauti. Ufunguo wa jozi utawahesabu kama watu wawili. La pili, kwa kuwa seva nyingi ni PostgreSQL, je, siwezi kutumia postgres_fdw, kiendelezi kinachosoma majedwali yaliyo kwenye seva nyingine, na kuepuka kunakili kabisa?

Rekodi Moja

Naomba nijibu la kwanza. Suala la kutambua kwamba rekodi mbili ni za mtu mmoja lina historia ndefu: Halbert Dunn aliliandikia mwaka 1946 akizungumzia kuunganisha rekodi za maisha ya mtu, na mwaka 1969 Ivan Fellegi na Alan Sunter wakalipa msingi wa kihisabati ambao programu nyingi za leo bado zinautumia. Jambo la thamani katika kazi yao ni kwamba hawakugawa jozi katika makundi mawili. Waliweka matatu: zinazolingana, zisizolingana, na zile za katikati ambazo lazima mtu azitazame kwa macho. Mifumo inayoondoa kundi la katikati ili kazi yote ijiendeshe yenyewe ndiyo inayowaunganisha baba na mwana wanaotumia simu moja.

Usilinganishe kwa jina peke yake. Soundex, mbinu ya kugeuza jina kuwa msimbo kwa kufuata matamshi, iliyopewa hataza Marekani mwaka 1918, ilibuniwa kwa matamshi ya Kiingereza na hubakiza herufi ya kwanza kama ilivyo. Khadija hupata K320 na Hadija hupata H320, hivyo haziwezi kukutana kamwe. Kipimo cha Levenshtein, kinachohesabu herufi ngapi ziongezwe, ziondolewe au zibadilishwe ili neno moja liwe lingine, kitaziona mbili hizo zikiwa karibu sana, lakini kitaona ukaribu vilevile kati ya majina ya watu wasiohusiana. Kwa hiyo weka pamoja ishara kadhaa: namba ya simu iliyosafishwa nafasi na alama, tarehe ya kuzaliwa kama ipo, jina lililopangwa upya kwa mfuatano mmoja, kisha kila ishara ipewe uzito wake. Kukubaliana kwa namba ya simu kuna uzito kuliko kukubaliana kwa jina la kwanza ambalo watu wengi wanalo.

Angalia pia ukubwa wa kazi. Vituo viwili vyenye wateja 100,000 kila kimoja vinazaa jozi bilioni 10 ukilinganisha kila mmoja na kila mmoja. Ndiyo maana hulinganishwa kwa mafungu, kwa mfano wale tu wenye tarakimu nne za mwisho za simu zinazofanana, kisha unarudia kwa fungu la aina nyingine ili waliobadili simu wasipotee.

Na msimamo wangu ambao siuachi: msifute wala kuchanganya rekodi za asili. Wekeni jedwali la pembeni lenye safuwima tatu, yaani kitambulisho cha mtu, chanzo, na namba yake katika chanzo hicho. Uamuzi wa kwamba wawili ni mmoja ukibainika kuwa na kasoro, mtabadilisha safumlalo moja katika jedwali hilo. Mkishaunganisha rekodi zenyewe, hakuna njia ya kuzitenganisha. Na mkumbuke kwamba jedwali hilo linajua mengi kuhusu mtu kuliko kituo chochote kinavyojua, kwa hiyo ruhusa za kulisoma ziwe finyu.

Funguo Mbili

Kuhusu postgres_fdw: ipo tangu PostgreSQL 9.3 ya mwaka 2013, na kuanzia 9.5 amri ya IMPORT FOREIGN SCHEMA inakutengenezea majedwali ya kigeni bila kuyaandika kwa mkono. Unaweza kujenga mwoneko (swali lililohifadhiwa linalosomwa kama jedwali) mmoja wenye UNION ALL juu yake, na masharti mengi ya kuchuja ya WHERE yatapelekwa seva ya mbali badala ya kuvuta jedwali zima. Kwa uchunguzi wa awali ni zana bora mno. Ningeanza nayo ili kuona tofauti zote zilizotajwa na Nukta Mkato kabla ya kuandika mstari mmoja wa upakiaji.

Kwa taarifa za kudumu, hapana. Seva moja ikizimika, amri nzima inaanguka, maana yake uthabiti wa taarifa yako unakuwa sawa na ule wa kituo dhaifu kuliko vyote. Pia hakuna picha moja ya wakati inayoshirikisha seva zote: kila seva inasomwa kwa hali yake yenyewe, na muamala wa kuhamisha bidhaa kutoka kituo kimoja kwenda kingine unaweza kuonekana umetoka bila kuonekana umefika. Kwa MySQL utahitaji kiendeshi kingine. Kwa lile faili la SQLite, ATTACH DATABASE inatosha kulisoma pamoja na mafaili mengine ya SQLite, kumi kwa mpangilio wa kawaida, lakini haitakuvusha kwenda PostgreSQL. Nakili usiku na uandike saa ya kunakili katika kila taarifa.

Rekodi Moja

Nakubaliana, ila nitofautiane kidogo kuhusu "usiku". Kama uongozi unaamua mambo kwa wiki, hakuna sababu ya kusumbua mtandao wa vituo kila siku. Ratiba ifuate uamuzi unaotegemea taarifa.

Mpanga Safu

Nimeridhika na hoja ya kunakili. Naona sasa nitapakia kwa safuwima ya wakati wa kubadilishwa, yaani nichukue tu rekodi zilizobadilika baada ya upakiaji uliopita. Je, kuna tatizo?

Funguo Mbili

Lipo. Rekodi iliyofutwa haina wakati wa kubadilishwa, kwa kuwa haipo tena. Itabaki kwenye hifadhidata ya pamoja miaka na miaka. Aidha, muamala ulioanza kabla ya upakiaji na kukamilika baadaye hubeba wakati wa zamani, na ukichukua kuanzia saa kamili ya mara iliyopita utaukosa. Rudi nyuma kwa muda fulani, na uandike kwa amri inayovumilia kurudiwa, ama INSERT yenye ON CONFLICT au MERGE ambayo PostgreSQL imekuwa nayo tangu toleo la 15. Ukirudia upakiaji uleule mara mbili, matokeo yawe yaleyale.

Kwa majedwali madogo kama bidhaa, usihangaike: pakia lote upya kila mara, ulinganishe na lililopo, na zile zisizokuja tena zitiwe alama ya kufutwa badala ya kuondolewa, kwa sababu mauzo ya zamani bado yanazitaja. Kwa mauzo, ambalo ni kubwa, kila kituo kitume pamoja na data idadi ya safumlalo na jumla ya kiasi kwa kila siku ya siku tisini zilizopita. Siku ambayo jumla haikubaliani, pakia siku hiyo yote upya kwa kituo hicho pekee. Amri ya jumla hizo iandikwe kwenye seva ya kituo na isomewe hukohuko, isitokane na nakala yako, vinginevyo utakuwa unalinganisha nakala na nakala.